Divai ya Languedoc, tembo la Ngao na majina tuliyoyapa

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayehudumu katika mkahawa wa hoteli moja huko Malindi, alinitumia picha za kadi kwa simu. "Shikamoo mjomba. Nina kazi kidogo hapa," akasema. Meneja wao alikuwa amepokea shehena ya chupa kutoka shamba moja la mizabibu kusini mwa Ufaransa. Alitaka kadi inayozieleza itafsiriwe kwa Kiswahili ili wahudumu wapya, wengi wao vijana wa Garsen, Minjila na Tarasaa, wajue wanachomuuzia mgeni. "Ni kurasa mbili tu, mjomba. Wewe si ndiye mtu wa lugha?"

Kurasa mbili tu! Zilinikalisha majuma mawili, na bado nina shaka na mistari mitatu minne.

Kadi ilikuwa na mpangilio wa kupendeza. Kila chupa ilielezwa imetokana na zabibu zipi, ina ladha gani, na inywewe na chakula kipi. Nyeupe ya zabibu za Picpoul, ambazo hulimwa karibu na ziwa la chumvi la Thau, iandamane na chaza. Ile yenye rangi ya waridi inywewe na samaki wa kuchoma. Nyekundu iliyochanganywa kwa Carignan, Grenache na Syrah iende na nyama ya mwanakondoo, au na cassoulet, yaani chungu cha maharagwe meupe yanayopikwa taratibu kwa saa nyingi pamoja na soseji, nyama ya nguruwe na bata. Tamu ya Muscat ingoje mwisho, wakati wa jibini na matunda.

Basi nikakwama hata kabla ya kufika kwa Picpoul. Nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. Niandike mvinyo, divai, au waini?

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba lugha haibebi maneno matatu kwa kitu kimoja bila sababu. Hayo matatu yote ni ya kukopa, na kila moja lilishuka pwani kwa jahazi lake.

Tuanze na kongwe. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mnamo Aprili 1498. Wenzake walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo na Waomani mwaka 1698. Tumezoea kusema kwamba hawakutuachia kitu ila kuta na mizinga. Hebu yatazame maneno waliyoyaacha, lakini. Meza ni mesa yao. Kopo ni copo, chombo cha kunywea. Pipa, ambalo leo tunatupia takataka, kwao lilikuwa chombo kikubwa cha mbao cha kuhifadhia mvinyo. Karata ni zao, pamoja na kopa, shupaza, uru na pau. Ukiyakusanya maneno haya hupati msamiati wa shule wala wa ibada. Unapata picha ya askari wa ngome jioni: meza, karata juu yake, kopo mkononi, pipa pembeni. Hata kanisa lao, igreja, kwetu liligeuka gereza. Sijui kama kuna watu wengine duniani waliomtania mtawala wao vizuri kiasi hicho bila kukusudia.

Mdomo wa Mswahili ukaitia vinho ile m- ya mwanzo, na neno likaingia ngeli ya U-I, likakaa pamoja na mti na mkate kana kwamba limezaliwa humo. Ingawa sijawahi kusikia mtu akiagiza "mivinyo miwili" bila kucheka mwenyewe.

Divai ni jambo jingine. Hapa asili ni Kifaransa: du vin. Mfaransa hasemi "nataka mvinyo" hivi hivi. Hutanguliza kijineno du, kinachoonyesha kuwa anataka kiasi chake, si wote uliopo duniani. Sikio la mgeni halikutenganisha kijineno na jina, likavimeza vyote viwili pamoja. Lakini ni sikio la nani? Wengi hukomea kusema neno limetoka Ufaransa. Mimi naona limepitia visiwani. Kule Morisi watu husema diven kwa kinywaji hicho hicho, na si hicho peke yake: maji ni dilo, mkate dipen, wali diri, chai dite. Krioli yao imemeza vijineno vya Kifaransa kila mahali, na ile u ya Kifaransa, ambayo hutamkwa midomo ikiwa imechongoka, wao huigeuza i. Kimalagasi nacho husema divay. Sasa kumbuka kwamba Kasisi Fava aliyeanzisha misheni ya Kikatoliki Unguja mwezi wa Desemba 1860 alitoka kisiwa cha Réunion, si Paris. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoipokea kazi ile mwaka 1863, kisha wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Kwangu mimi, divai ni neno la Bahari ya Hindi lenye babu Mfaransa.

Waini halina hadithi ndefu. Ni Kiingereza, ni la supamaketi na matangazo, na vijana wa Nairobi hawajui lingine.

Kabla sijasonga, niseme neno juu ya tunda lenyewe. Zabibu ni Kiarabu, zabib, na kwa Mwarabu zabib ni ile iliyokaushwa. Maana yake ni kwamba mababu zetu wa pwani waliijua kwanza ikiwa kavu, ndani ya magunia ya majahazi ya kaskazini, wakampa mtoto jina ambalo mwenyewe hulipata uzeeni. Ndiyo maana leo tunalazimika kusema "zabibu kavu", na msomi wa Kiarabu akitusikia hushika kichwa.

Nimelelewa Ngao, ukingoni mwa Tana, upande wa chini wa mto ukitoka Garsen. Kwetu zabibu hatukuziona, kavu wala mbichi. Tulikuwa na ndizi, maembe, mpunga unaopandwa mto ukitapika maji yake, na kambare. Na tulikuwa na kanisa. Wamethodisti walikuwa wamefika Golbanti, jirani yetu, na huko ndiko John Houghton na mkewe walikouawa na Wamaasai mwaka 1886. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Tana mwaka uliofuata, 1887, wakati ambapo ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wamekwisha kuiingiza Witu chini ya bendera ya Ujerumani. Mkataba wa 1890 uliwapa Waingereza Witu, lakini wamisionari hawakuondoka. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi na msamiati wa Kipokomo katika miaka ile ya 1890, na hadi leo anayetaka kukichunguza Kipokomo cha zamani huanzia kwake.

Katika kanisa hilo ndimo nilimolisikia neno divai. Nilidhani ni aina ya dawa. Padre na mchungaji hawakuwa na haja ya kutueleza, maana waliokuwa wakubwa walikuwa wanajua na sisi watoto hatukupewa. Baadaye, nikiwa nimekwisha kusoma, niliifungua Biblia ya Muungano, ile iliyotoka mwaka 1952, nikatafuta. Kwenye arusi ya Kana ni divai. Msamaria mwema anamtia majeruhi mafuta na divai. Zaburi ya 104 inasifu divai inayomfurahisha mtu. Ukija kwa Waefeso, Paulo anapokataza ulevi, ghafla ni mvinyo. Methali 20, pale inapokemewa kwamba inamdhihaki mtu, mvinyo. Na kwa Kigiriki, Kana na Waefeso wanatumia neno moja, oinos.

Nisije nikazidisha chumvi. Timotheo anashauriwa kunywa mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na hiyo si karipio. Nuhu naye alilewa divai, akalala uchi hemani. Kwa hiyo wafasiri hawakuwa na sheria kali. Lakini msikilizaji wa kawaida, anayesikia neno mara moja kwa wiki, huokota harufu yake tu. Kwetu divai ilinukia meza ya Bwana na mvinyo ulinukia karipio. Na tembo? Sikumbuki hata siku moja likitajwa mimbarani ila kwa kukemewa, ilhali ndilo pekee kati ya hayo matatu lililokuwa kijijini.

Hapo ndipo kadi ya mpwa wangu iliponichoma. Watu wa Languedoc wana haki ya kujivuna, sikatai. Hata wao walifundishwa na wageni: Wagiriki wa Phokaia walioanzisha Marseille yapata mwaka 600 KK, kisha Warumi walioujenga mji wa Narbonne mwaka 118 KK. Lakini tangu hapo wameukalia udongo wao kwa miaka elfu mbili, na serikali yao ikawatungia sheria mwaka 1935 kwamba jina la kijiji au wilaya lisiandikwe kwenye chupa ila kinywaji kimetoka huko kweli na kimetengenezwa kwa desturi ya huko. Walilipigania hilo. Mwaka 1907 wakulima wa kusini, wakiongozwa na Marcelin Albert wa kijiji cha Argeliers, waliandamana kwa maelfu kwa maelfu kwa sababu bei ilikuwa imeanguka na wafanyabiashara walikuwa wakiuza mvinyo wa uongo, uliotengenezwa kwa sukari na maji. Jeshi liliwapiga risasi watu mjini Narbonne, na kikosi kimoja cha askari, wengi wao wana wa wakulima hao hao, kikaasi. Kumbe Mfaransa naye alimjua mgema anayesifiwa akalitia tembo maji! Tofauti ni kwamba sisi tulitunga methali, wao wakatunga sheria.

Huku kwetu sheria ilikuja upande mwingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali za viwandani kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Serikali ya kikoloni ilimkataza Mwafrika vinywaji vya Kizungu, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vileo vyake mwenyewe navyo vikawekewa leseni na idhini. Yaani babu yangu aliruhusiwa divai Jumapili asubuhi, kijiko kimoja, na Jumapili jioni akinywa cha kwake bila karatasi alikuwa mhalifu. Uhuru haukubadilisha mengi. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikahalalishwa kwa masharti katika sheria ya vileo ya 2010, na katika miaka yote hiyo mgema wa mnazi alikuwa akikimbizwa na huyu, akiachwa na yule, kutegemea ni chifu gani yupo. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima mwaka 1972 juu ya Wagiriama, minazi yao na tembo lake: jinsi lilivyonywewa arusini na matangani, na jinsi ardhi na minazi ilivyobadilisha mikono mbele ya mashahidi. Kinywaji kilichoandikiwa kitabu kikalazwa korokoroni.

Nilipoona nimekwama nilisafiri nyumbani. Nilijidanganya kwamba naenda kumwona shangazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafuta mzee mmoja aliyekuwa akigema tangu nikiwa kwenye shule ya msingi, nimuulize maneno.

Hapa itabidi nimfafanulie msomaji wa bara. Ukanda wa minazi hasa ni wa baharini, Kipini na kwenda chini hadi Kilifi na Kwale. Kwetu mtoni mti mwenye jina ni mkoma, ule mchikichi wa porini unaogawanyika matawi, wenye matunda magumu ya rangi ya kahawia ambayo watoto huyaguguna. Mnazi hugemwa kwenye karara, kabla maua hayajafunguka: mgema hulifunga, hulikata ncha kwa kotama, hukinga kibuyu, na kila siku hupanda tena kulikata ubavu mwembamba ili maji yasizibe. Mnazi haufi kwa hilo. Mkoma hukatwa kwenye kilele chenyewe, na mgema asiyejua mahali pa kukomea huuacha ukiwa gogo. Mzee alinionyesha magogo kama hayo mengi. "Hawa si wagema," akaniambia, "hawa ni wachoma makaa waliochelewa."

Kwenye shina la mnazi mgema huchonga ngazi za kukanyagia, na kila moja huitwa kidato. Ndiyo, kidato kile kile. Mwanafunzi wa kidato cha nne yuko juu ya mnazi na hajui.

Nikamtolea mzee kadi, nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kunijibu, na nikaona nilikuwa mjinga wa majuma mawili.

Kwa mfano, kadi ilikuwa ikisema kwamba nyeupe ile ni sec. Waingereza nao husema neno la namna hiyo hiyo, na nimeona baadhi ya wafasiri wakiandika "mvinyo mkavu". Mkavu vipi, na ni maji? Maana halisi ni kwamba sukari yote imekwisha kugeuka kileo, hakuna utamu uliobaki. Mgema ana neno la hilo tangu enzi na enzi. Tembo likiteremshwa asubuhi ni tamu, mtoto anaweza kupewa. Hamira za hewani huwa zimekwisha kuingia kibuyuni, kwa hiyo linachacha lenyewe, na kufikia jioni lina kileo cha kama asilimia 4 au 5: hilo ni tembo kali. Kesho kutwa ni siki. Tamu, kali, siki. Basi divai ya sec ni divai kali, na ile ya Muscat ni divai tamu, na hakuna muhudumu wa Garsen atakayehitaji kuelezwa mara ya pili. (Na tukiwa hapo kwenye hamira: ni Kiarabu, na shina lake ndilo lililozaa khamr, yaani mvinyo. Nyumba ya Mwislamu isiyokaribisha tone la kileo ina ndugu yake kabatini, karibu na unga. Zamani, kabla ya hamira ya pakiti, tembo lenyewe ndilo lililoumua unga wa mikate ya pwani.)

Au ile hali ambayo divai nyekundu huifanya mdomoni, ulimi ukawa kama umevishwa kitambaa. Nilikuwa nimeandika sentensi nzima yenye neno la kemia. Mzee akaniuliza, "Kama ndizi mbichi?" Kama ndizi mbichi, kama bibo. Ukakasi. Kitu chenyewe hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ndicho hicho kilichomo kwenye magamba ya mikoko yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi. Watu wa Mombasa huiita chai ya rangi "mkandaa", kwa jina la mkoko, kwa sababu ya wekundu wake na ule ukakasi. Uchachu wa nyeupe nikauita ugwadu. Machicha yanayotuama chini ya chupa kuukuu ni mashapo. Neno baada ya neno, kadi ikajaa, na hapana hata moja nililolibuni.

Kwenye chakula ndiko nilikodhani mzee atanyamaza, kwa kuwa nimewahi kusoma mahali kwamba mnywaji wa Kiafrika hunywa apate kulewa, hajali anakula nini. Aliyeandika hivyo hakukaa na wagema. Mzee aliniambia tembo tamu ni la ndizi ya kuchoma na muhogo asubuhi, wala usilinywe na chumvi, litakukinaisha. Tembo kali linataka kambare wa kukaushwa kwa moshi, mwenye mafuta na chumvi, kwa sababu "linakata shombo". Na lililokaribia siki, usilimwage: mpe mama aoshee samaki.

Linakata shombo. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya Picpoul na chaza, imesemwa kwa maneno mawili na mtu ambaye hajaonja zote mbili. Ugwadu wa divai nyeupe hufanya kazi ya ndimu. Ukakasi wa nyekundu nao hukata mafuta ya kondoo na ya lile chungu la maharagwe, kama vile mkandaa unavyosafisha mdomo baada ya pilau. Nikawaandikia wahudumu hivyo hivyo: nyeupe hii ichukulie kama ndimu, nyekundu hii kama chai ya rangi iliyokolea. Neno la kadi la kuoanisha kinywaji na chakula nalo likanipa taabu, nikaishia kwenye kushushia. Divai ya kushushia chaza. Sahani ina kitoweo chake, na kitoweo kina kinywaji cha kukishushia. Utaratibu huo tunao.

Lipo jambo moja la huzuni katika safari hiyo. Nilipowauliza vijana watano waliokaa kwenye kivuli karibu na mzee kotama ni nini, mmoja tu ndiye aliyejua, naye alisema ni "kile kisu cha wazee". Karara hakuna aliyeijua. Wote watano waliijua waini. Siwalaumu. Kugema hakulipi, polisi wanasumbua, mikoma inakwisha, na hakuna anayemwita mtoto wake akamfundishe kazi ambayo mtoto ataificha akiulizwa kanisani baba yake anafanya nini. Lakini mkono ukiacha kukata, ulimi nao huacha kutaja. Wagiriama, ndugu zetu wa Kisabaki, bado hukiita kinywaji chao uchi, na naamini hilo ni pacha wa uki wa Kiswahili cha zamani, kinywaji cha asali. Kwao nyuki ni nyuchi, kwa hiyo k yetu kuwa ch yao si ajabu. Yaani neno lilianza kwenye mzinga wa nyuki, likapanda mnazi, na lingali huko. Kwenye Kiswahili sanifu uki umebaki kamusini. Tembo nalo linaelekea kubanwa na mnyama mwenye mkonga, hasa tangu kampuni ya bia ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilipomtia ndovu kwenye chupa yake kwa kumbukumbu ya mwanzilishi aliyeuawa na ndovu mwaka uliofuata. Ukimwambia mtoto wa Nairobi kwamba babu yako alikuwa akinywa tembo, atakuuliza wapi alipata sufuria kubwa kiasi hicho.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilichagua divai kwa kadi nzima, kwa sababu vijana wale wameisikia kanisani na haina harufu ya karipio wala ya supamaketi. Mvinyo nikauacha mahali pamoja tu, kwenye maelezo ya pipa, ambako Mreno alikuwa na haki ya kutajwa. Meneja, nimeambiwa, aliuliza kwa nini neno "kali" limetumika kwa divai isiyo na kileo kingi kuliko nyingine. Wahudumu wakamjibu wenyewe.

Mzee wa Ngao alikuwa na swali moja aliloniwekea hadi nilipokuwa nikiaga. Alitaka kujua hiyo ya Wafaransa hukaa siku ngapi kabla ya kunywewa. Nikamwambia nyingine hukaa miaka mitatu, nyingine kumi.

"Miaka?"

"Miaka, mzee."

Akatikisa kibuyu chake, akasikiliza kilichobaki ndani. "Basi ndiyo maana wana muda wa kuandika kadi. Hili langu halifiki kesho. Kaa chini umalizie."